Kilima Alichokifyeka Dorotea

Pili aliposikia kwamba huyu mtu ametoka Gitega mpaka Muyinga kutafuta majani, alicheka mpaka mkeka aliokuwa akiusuka ukamponyoka magotini.

"Majani?" akauliza. "Huko kwenu ng'ombe imemaliza yote?"

Venansi hakuwa na nguvu za kucheka. Mafuta yalikuwa yameadimika tena, na gari alilokuja nalo lilikuwa limesimama njiani zaidi ya lilivyotembea. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Pale sokoni kila aliyemuuliza alimwonyesha lengalenga, majani ya muhogo, hata majani ya chai, mpaka mtu mmoja akamhurumia na kumwelekeza kwa wasusi wa mikeka.

"Siyo majani ya kula, dada. Natafuta urukangaga, hayo hayo unayosukia. Ila siyataki yaliyokatwa na kukaushwa. Nataka mizizi yake, pamoja na matope."

"Pamoja na matope?"

"Ndiyo."

Pili akageukia mlangoni. "Abubakari! Kuja usikie. Iko papa hapa ametoka Gitega, anatafuta matope!"

Abubakari, mumewe, dereva wa Fuso iliyokuwa ikichukua mchele mpakani na kuupeleka Gitega, akatoka nje na kumtazama Venansi kama mtu anayetazama tairi lililopungua upepo. Ikabidi Venansi aeleze upya. Alikwisha kuzoea kueleza upya.

Kule kwao Nyarusange, alisema, palikuwa na kilima cha nyasi chenye miti hapa na pale, na chini yake kinamasi. Kisha watu wakapanda mikaratusi kilima kizima, na bondeni wakachimba mifereji ya kukausha kinamasi ili wapate udongo wa matofali. Mikaratusi ikanywa maji, mifereji ikamwaga yaliyobaki, na chemchemi iliyokuwa ikiwanywesha watu wote wa pale ikawa unyevu tu juu ya jiwe. Hapo ndipo wanakijiji walipoamka. Wakaunda chama, wakaomba wapewe ile ardhi waitunze, wakajenga nyumba ya vyumba viwili na kuandika ukutani KITUO CHA MAZINGIRA, ili watoto wa shule waje kujifunza. Yeye Venansi akachaguliwa kuwa mtunzaji. Mikaratusi walikwisha kuikata. Mifereji walikwisha kuiziba kwa visiki na magunia ya udongo, na maji yalikuwa yakirudi kidogo kidogo. Lakini kinamasi kilikuwa kimekaa kikavu muda mrefu mno. Kilikuwa kimesahau majani yake. Kiliota magugu tu.

"Donc basi we unataka kupanda bonde," Pili alisema polepole.

"Kulipanda upya, ndiyo."

Kicheko kilikuwa kimemwishia. "Hapa kwetu kila mwaka wanalima pembeni, wanalima pembeni, bonde inakuwa kidogo. Mi na wenzangu tunagombania majani kama watoto wanagombania mandazi. Nitakupa mizizi. Lakini siku itaota vizuri, mi nitakuja kukata. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana."

"Na usikuje kuniambia eti iko protégé, eti hakuna kugusa."

Kesho yake Pili na wenzake wakajifunga kanga viunoni, wakaingia bondeni, wakang'oa mafungu hapa na kuruka pale ili bonde lao lisibaki na vidonda. Kupakia ndiko kulikoleta ugomvi. "Mchele na maji, papa!" Abubakari alipiga kelele. "Mchele na maji!" Wakatandika plastiki, wakapanga mizizi nyuma kabisa, na Venansi akaketi juu yake ili isisogee. Maji ya matope yalimlowesha suruali njia nzima, naye hakujali. Alikuwa na furaha. Aliwaza kile kilima chake. Misimu miwili alikuwa amezuia watu kulisha na kukata, na sasa nyasi za zamani zilikuwa zimerudi zenyewe, ishinge na nyingine ambazo hata majina yake wazee walikuwa wakibishania. Mbegu zake zilikaribia kukomaa. Angezivuna kwa mkono na kuzisia kule kulikobaki kipara.

Fuso ilipokata kona ya mwisho, Venansi akainuka juu ya magunia aone.

Kilima kizima kilikuwa kimenyolewa kama kichwa cha mfiwa.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kazi za pamoja. Watu walikuwa wamekaa kivulini wakipumzika, mafyekeo yamelala miguuni pao, wakitaniana kama watu waliomaliza jambo la maana. Nyasi zilizokatwa zilikuwa zimelala chini zikinukia. Na barazani mwa kituo, kitenge kimefungwa barabara kiunoni, ufagio mkononi, alisimama Dorotea.

Dorotea alikuwa mwenyekiti wa chama. Alikuwa pia dada mkubwa wa Venansi, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Alikaa mjini Gitega, mtaa wa Yoba, alikokuwa na cherehani na wateja, lakini kila Jumamosi alipanda kuja Nyarusange kutengeneza kile alichoona kimeharibika.

"Karibu, mdogo wangu! Umeona? Tumekusafishia."

Venansi alishuka kwenye gari. Suruali ilikuwa ikimchuruzika. "Dada. Nani amewaambia mfyeke?"

"Mimi. Wafadhili wanakuja Jumatatu. Unataka wakute pori? Watasema hawa watu wamepewa ardhi wakalala."

"Zile nyasi ndiyo kazi yenyewe!"

"Nyasi?" Dorotea alimtazama kwa huruma kabisa. "Nyasi huota zenyewe, Venansi. Kazi ni kuzifyeka."

"Nimezingoja misimu miwili!"

"Kungoja nako ni kazi?" mtu mmoja akauliza kutoka kivulini, na wenzake wakacheka.

Venansi akainama, akaokota konzi ya nyasi zilizokatwa. Angesema nini? Kwamba alikuwa akija hapa kila asubuhi kutazama majani yakirefuka? Abubakari akachungulia dirishani mwa Fuso. "Papa, matope yako tunashusha ama tunarudisha?"

"Matope gani?" akauliza Dorotea.

Na hapa ndipo dada yake alipomzidi tena, kwa sababu hata kumkasirikia vizuri hakumwachia nafasi. Alipoelezwa mizizi ni ya nini, na kwamba ikikauka imekufa, alipiga makofi mara moja, akawaambia watu wote kwamba hakuna anayekwenda kwake kabla mizizi haijaingia bondeni. Wakanung'unika, wakainuka. Alijua nani ana mgongo mzuri na nani mvivu, akawapanga. Yeye mwenyewe alibaki ukingoni, akitoa amri. Jua lilipokuwa likizama urukangaga wa Muyinga ulikuwa umesimama kwenye maji ya Nyarusange, safu kwa safu, umelegea lakini mzima.

"Angalau ziacheni nyasi zilizokatwa zilale pale pale," Venansi aliomba. "Labda kuna mbegu zitakazodondoka."

"Zitabaki uchafu."

"Dada!"

"Haya, haya. Zibaki."

Jumatatu wafadhili hawakuja. Walituma ujumbe kwamba wameahirisha.

Kiangazi kilipoanza, Venansi akaamka asubuhi moja na kukuta maji ya kinamasi yameshuka hata mizizi ya urukangaga inaonekana. Alifuata ukingo mpaka akakuta zibo la mfereji mkubwa limefunguliwa, magunia yamewekwa pembeni kwa adabu, moja juu ya jingine. Hakuhitaji kuuliza. Upande ule lilikuwa shamba la Damiano, jirani yao, ambaye kila kiangazi alipanda maharagwe pembezoni mwa bonde.

"Maharagwe yangu yalikuwa yanaogelea," Damiano alisema alipofuatwa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimchosha Venansi kuliko matusi. "Niliona nifungue kidogo tu, kisha nitafunga."

"Ulifungua lini?"

"Jana asubuhi."

"Na ulitaka kufunga lini?"

Damiano akafikiri kwa makini. "Baada ya mavuno."

Venansi alifunga, Damiano akafungua. Venansi akafunga tena. Mwishowe ni Dorotea aliyekaa na Damiano na mkewe, akanywa nao urwagwa, akasikiliza habari za maharagwe mpaka mwisho wake, kisha akamtafutia kipande cha shamba kule juu, kwenye kichwa cha kilima, pasipofika maji. Damiano akafurahi, mfereji ukabaki umezibwa. Venansi alishukuru kwa mdomo. Moyoni alijiuliza kwa nini hakufikiri hilo yeye.

Lakini kilima kilikuwa kikimnyima raha. Zile nyasi zilizofyekwa zilikauka zikawa kama mkeka mzito juu ya ardhi. Alipofunua chini yake aliona vichipukizi vya ishinge, vyeupe na dhaifu, vimekosa jua. Kitu kilichokuwa kikitoboa bila shida ni mikaratusi. Kila kisiki kilikuwa kikitoa matawi mapya, mabichi, yanang'aa kwa jeuri. Venansi alikuwa amekulia Tanzania, katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, na kule aliwaona warina asali wakichoma nyasi mapema, asubuhi yenye umande, moto mdogo unaotambaa kama mzee. Ukichoma hivyo, mwezi unaofuata unaona kijani. Kilima hiki kilitaka moto.

Akavaa koti lake la kanisani, akashuka mjini Gitega, akaingia ofisi inayohusika na mambo hayo.

"Unaomba ruhusa ya kuchoma kilima," alirudia karani.

"Ndiyo, bwana."

"Kilima cha kituo cha mazingira."

"Ndiyo."

"Na wewe ni nani pale?"

"Mtunzaji."

Karani akaweka kalamu chini. "Mzee, moto umekatazwa."

Venansi akaeleza umande, akaeleza vichipukizi, akaeleza visiki. Karani alisikiliza kwa heshima yote, kisha akamwambia arudi na barua ya mtaalamu. Alipopata barua, mkubwa alikuwa safarini. Mkubwa aliporudi, barua ilikuwa imepotelea kwenye meza ambayo haikuwa na kitu kingine juu yake. Kila aliporudi alipita Yoba kula kwa dada yake, na kila mara Dorotea alimpakulia ugali na isombe, akamwambia: "Hata mimi ningekukatalia. Utachomaje kitu unachokitunza?"

"Kwani wewe ulikifyekaje?"

"Kula, chakula kinapoa."

Siku aliyokwenda mara ya mwisho, mkubwa mwenyewe alimpokea, akamkatalia kwa maneno mazuri sana. Venansi alirudi Nyarusange jioni akiwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Akapanda kuelekea kituoni, angalau atazame maji.

Kuanzia nyuma ya nyumba mpaka bondeni, kisha kulia na kushoto kuzunguka kinamasi chote, palikuwa na njia. Ukiita njia. Upana wake Fuso mbili zingepishana. Hazikufyekwa nyasi tu. Ardhi ilikuwa imekwanguliwa kwa majembe mpaka udongo mwekundu, ikafagiliwa. Na pale ilipopita ukingoni, safu ya kwanza ya urukangaga wa Pili, iliyokuwa imeanza kusimama wima, ilikuwa imekwenda nayo.

Dorotea, aliyepanda siku isiyo yake akawaita watu wa kazi, alikuwa akiosha jembe kwenye ndoo. "Njia ya wageni," alisema. "Sasa mtu anaweza kutembea bila kukanyaga asichokiona."

Venansi hakupiga kelele. Alitoa funguo za kituo mfukoni akaziweka chini, pembeni ya ndoo.

"Nini hii?"

"Kituo ni chako. Fyeka mpaka Muyinga ukitaka."

Akaenda zake.

Alikaa nyumbani. Alipanga upya kuni za mkewe, Anisia. Alimweleza namna bora ya kupepeta maharagwe. Alikaa mlangoni akiitazama barabara na kusema kwamba watu wa nchi hii hawataki kusaidiwa, kisha akasema tena. Anisia alivumilia kadiri alivyoweza.

"Rudi kwenye majani yako, baba Upendo," alisema mwishowe. "Hapa kwangu hakuna kinamasi."

Jumapili, baada ya misa, Dorotea akaja. Hakuja na funguo mkononi wala na maneno ya kusuluhisha. Aliketi kwenye kigoda, akavua viatu vilivyokuwa vikimbana, akaomba maji. Anisia akaleta maji, akakumbuka ghafla kwamba ana jambo kwa jirani.

"Unajua baba alikufaje," Dorotea alisema.

"Nyoka. Kule Katumba."

"Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama. Mimi nilikuwa nimempelekea baba maji. Alikuwa akikata nyasi za kuezekea, na nyasi zenyewe zilikuwa zimenipita kichwa. Nikamsikia ananiita, kisha nikamsikia anasema nisisogee. Nikasimama na kile kibuyu. Niliona nyasi zinatikisika, Venansi. Baba sikumwona. Nyasi tu."

Venansi alitazama mikono yake. Hadithi ya nyoka aliijua tangu utotoni, kama mtu anavyojua jina la babu asiyemkuta. Kibuyu hakukijua.

"Hukuniambia kwamba ulikuwepo."

"Hukuuliza. Nikiona nyasi zimenipita kiuno, mkono wangu wenyewe unatafuta fyekeo. Siwezi kuuzuia. Halafu wewe unaleta watoto wa shule watembee mle."

Alitaka kubaki na hasira yake. Alikuwa ameilea vizuri wiki nzima. Lakini ilikuwa ikimtoka. "Ungeniambia tu, dada. Tungeacha njia."

"Nimekuambia mwaka mzima nataka njia!"

"Njia! Siyo uwanja wa ndege!"

"Njia nyembamba nyoka anaivuka mara moja!"

"Nyoka anavuka hata pana!"

Walibishana mpaka Anisia akarudi, na wote wawili wakajisikia nafuu. Makubaliano yalikuwa haya: njia ingebaki kama ilivyo, isingeongezwa hata unyayo, na hakuna fyekeo lingeingia kilimani bila Venansi kuwepo. Dorotea akatoa funguo kifuani, zikiwa na joto.

Agosti ilikuja na upepo. Mchana mmoja Venansi alikuwa bondeni akipanda upya safu iliyokwanguliwa, akasikia sauti kama ya mtu anayechana kitambaa. Akainua macho. Juu kabisa, kwenye lile shamba jipya alilotafutiwa, Damiano alikuwa amekusanya magugu na kuyachoma, ajiandae kwa mvua. Upepo ulikuwa umeyachukua. Moto ulikuwa kwenye nyasi zilizokauka tangu Mei, nao haukutambaa kama mzee. Ulishuka mbio.

Venansi alipiga yowe. Watu wakatoka mashambani na matawi mabichi. Ilikuwa Jumamosi, ndiyo bahati. Dorotea alikuwa kituoni akipigia watu hesabu ya viti. Alizamisha kitenge chake kwenye pipa, akasimama kwenye njia yake nyekundu akiwa amevaa gauni la ndani na koti la Venansi, akasubiri moto kama anayesubiri mgeni aliyechelewa.

Ulipofika kwenye njia, ulisimama. Ulikuwa mrefu kuliko mtu, ukanguruma, ukatafuta kitu cha kushika, haukupata. Cheche zikaruka. Dorotea alizipiga kwa kitenge upande wa nyumba, Venansi alizikanyaga upande wa bonde, pale chini ambako magugu makavu yangeshika na udongo mweusi wa kinamasi ungeungua ndani kwa ndani majuma mengi. Nyusi zilimwungua. Kisha moto ukachoka, ukashuka, ukabaki moshi. Kilima kilikuwa cheusi. Nyumba ilisimama. Bondeni urukangaga ulikuwa ukiyumba kwa upepo, mbichi, haujaguswa.

Damiano alikaa chini akilia kimya kimya.

Dorotea alijifunga kitenge chake kilicholowa, akaja akasimama karibu na mdogo wake. Walitazama ile njia.

"Sisemi kitu," alisema.

"Usiseme."

"Sisemi. Ila kama isingekuwa ile..."

"Dada."

"Nimesema sisemi."

Na hicho asichokisema akakirudia kwa wanakwaya, kwa wateja wake wa Yoba, kwa padri, na kwa kila aliyekuja kuona majivu.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, wakaja watu wawili kutoka ile ofisi. Walitazama kilima, wakatazama faili yao. "Mzee," mmoja akamwambia Venansi, "wewe si ndiye uliyekuwa unaomba ruhusa ya kuchoma hapa? Ukakataliwa?"

Venansi alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye nyusi alizokuwa hana. Angeanza wapi kueleza? Kwamba moto aliouomba ulikuwa wa asubuhi na umande, na huu ulikuwa wa mchana na upepo? Alikuwa bado akitafuta neno la kwanza Damiano alipopita katikati ya watu, kofia mkononi.

"Huo moto ni wangu," alisema. "Huyu alikuwa kwenye maji."

Hakuna aliyemwomba aseme. Angeweza kunyamaza, na mambo yangemwangukia mwenye jina kwenye faili. Walimwonya vikali, wakamwagiza afanye kazi kituoni kila juma mpaka mvua ziishe, na Damiano akaja kweli, akawa mlinzi wa zibo lile lile alilokuwa akilifungua.

Mvua za Septemba zilipoanza, kilima cheusi kilibadilika mbele ya macho ya watu. Visiki vya mikaratusi vilikuwa vimeungua mpaka moyoni, na vingi havikuchipua tena. Ishinge ikatoka kila mahali, nene, na ndani yake maua madogo ya zambarau ambayo wazee waliyaita majina matatu tofauti. Hata pale palipokuwa kipara paliota. Kila alichotaka kufanya kwa mkono, kwa subira na kwa barua, ajali ilikifanya mchana mmoja. Venansi hakujua ashukuru au atukane. Alimleta Dorotea mpaka katikati ya njia, akamwonyesha kwa kidole, upande huu na upande ule. Dorotea alikunja midomo.

"Ni ya kijani," alikubali.

Kabla ya Krismasi Pili alishuka kwenye Fuso ya Abubakari na kamba begani, tayari kuvuna. Akaingia majini, akavunja jani moja, akalipinda kidoleni. "Bado, papa. Hii inavunjika. Mwaka kesho." Venansi akavunjika moyo mwenyewe. Lakini Pili na Dorotea walikuwa wamekwisha kukaa barazani wakila ndagala, wakikubaliana kwamba wanaume wakipewa bonde hawajui kulipanga, na hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu katika mazungumzo yale.

Mwaka uliofuata, kiangazi kilipoingia, ni Dorotea aliyekwenda ofisini. Venansi alimwambia asijisumbue. Alikwenda na picha kwenye simu, kilima cha makaa na kilima cha kijani, na akawakalisha wale wakubwa akawaeleza umande, vichipukizi na visiki kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua moto. Alirudi na ruhusa yenye muhuri. Siku moja ya Julai, asubuhi, watu wasimamie na maji yawe tayari.

"Mimi walinizungusha miezi," Venansi alisema.

"Wewe unaeleza sana."

Siku ile watu walifika mapema. Walikuwa wamebeba maji tangu kwenye chemchemi, iliyokuwa imeanza kutiririka tena, wakajaza mapipa, ndoo, masufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto. Njia ilikuwa imefagiliwa. Damiano alisimama juu na tawi, mwangalifu kuliko wote. Venansi alikuwa amewapanga kwa namna aliyokuwa akiiota tangu zamani. Akatoa kiberiti.

Tone la kwanza lilimwangukia kwenye kidole gumba.

Alitazama juu. Wingu lilikuwa limetokea upande wa mto Ruvubu, jeusi, zito, bila haya, katika mwezi ambao hakuna mtu pale aliyewahi kuona mvua. Likamwagika lote. Watu wakakimbilia barazani wakibanana, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mvua ya Julai," Damiano alisema kwa mshangao. "Tangu nizaliwe."

"Ruhusa inasema leo tu?" Dorotea akauliza.

"Leo tu."

"Basi Jumatatu nitarudi ofisini."

"Watakataa."

"Watakukatalia wewe."

Venansi akatoka barazani katika mvua ile ile, akainamia ndoo zilizokuwa zimejaa na sasa zikifurika, akaanza kuzimwaga moja baada ya nyingine bondeni, akiongea peke yake, kwa sauti kubwa, maneno ambayo mvua iliyaficha.

"Usimwage!" Dorotea akapiga kelele kutoka chini ya paa. "Wewe! Watu wameyabeba tangu chemchemini, acha tufulie!"